Sanduku Lisiloogopa Kuchomolewa

Mama yangu huchomoa. Wenzangu wana mama wanaosali, wanaolalamika, wanaofuatilia majirani. Wangu anafanya yote hayo, kisha anachomoa. Akitoka kwenda dukani anachomoa friji. Wingu likijikusanya upande wa pili wa mji anachomoa televisheni, anachomoa redio, anaikagua pasi ambayo haijachomekwa tangu wiki iliyopita, halafu anamalizia na chaja yangu, simu ikiwa bado inaning'inia.

Ana sababu zake. Alifanya kazi ya opereta wa simu mpaka akastaafu, enzi za swichibodi. Pale mazungumzo yakiisha kengele ililia, na opereta alitakiwa auvute waya upesi kumpisha mteja mwingine. Mama alistaafu, mikono ikakataa. Halafu ikaja siku ile umeme uliporudi kwa kishindo ukaiunguza televisheni mpya ya marehemu baba, mzee akiwa bado katikati ya kuisifia. Tangu hapo, kwa mama, soketi yenye kitu ndani yake ni mlango ulioachwa wazi.

Mimi ni mhariri wa video, na kazi zangu nazifanyia katika chumba cha nyuma cha nyumba hiyohiyo. Naona mmeshaanza kunihurumia. Msijisumbue. Dunia ilishaninyoosha kitambo. Mshirika wangu wa kwanza alihama na kamera zote akaniachia stendi, na mwenye fremu niliyopanga mjini alibadilisha kufuli siku nilipokwenda kwenye mazishi. Kuanza upya nimekuzoea kama wengine walivyozoea chai ya asubuhi. Nikarudi kwa mama, nikawa nahariri harusi kwenye kompyuta ya mkononi yenye betri yake. Yeye akichomoa, mimi naendelea. Ndoa yetu hiyo ilikuwa imetulia kabisa, mpaka alipokuja Mwalimu.

Mwalimu anafundisha watoto viziwi. Kwa miaka mingi amekuwa akienda nyumba kwa nyumba na kamera ndogo, akiwarekodi viziwi wazee, wale waliokua kabla ya shule kuja na alama zake. Kila mzee alikuwa na alama za mikono ambazo vijana hawazijui: ya mchumba, ya deni, ya mvua inayotishia kisha isinyeshe. Alitaka kuzitengenezea kamusi ya video. Baadhi ya wazee hao wameshakufa, na mmoja wao ni baba yake mzazi.

Rekodi zote zilikuwa kwenye diski moja ya nje, ile kubwa ya kizamani yenye plagi yake. Aliileta imefungwa kwenye taulo, ameikumbatia kama mtoto mwenye homa. Ilikuwa imeanza kugonga ndani kwa ndani, ko, ko, ko, kama mtu anayebisha mlango ambao haufunguliwi. Fundi mmoja alikuwa amemwambia aizime na asiiwashe tena mpaka apate mahali pa kuzimiminia rekodi zake, kwa sababu huenda imebakiza pumzi ya safari moja tu.

Kazi yenyewe ingechukua miaka, na wagombea tulikuwa wawili: mimi, na studio kubwa ya mjini yenye milango ya vioo. Hakuuliza bei wala kamera nilizonazo. Aliuliza swali moja.

“Hapa kwako zitakaa wapi, na nini kitazizuia zisipotee?”

Nilipofungua mdomo nijibu, feni ya dari ikapunguza mwendo, taa ya chaja ikazimika, na huko sebuleni tukasikia ndala za mama zikielekea soketi inayofuata. Mwalimu akatabasamu lile tabasamu la mtu ambaye tayari anatafuta mkoba wake. Kwa ustaarabu wake akasema atarudi Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya kuiona na ile studio nyingine, ndipo ataamua. Akaifunga diski yake kwenye taulo akaondoka nayo.

Niliitaka kazi ile. Harusi nimehariri mpaka bibi harusi wote wanaanza kufanana na mimi. Ila kwa hii nilijiona nimekaa karibu na kitu ambacho kikipotea hakuna wa kukirudia, na mikono ya baba mtu ilikuwa humo ndani.

Nikampigia shemeji.

Shemeji ni mume wa mdogo wangu, na ndiye anayeangalia kompyuta za kampuni moja ya bima. Kati yangu na yeye hakuna salamu isiyo na kijembe. Nilipomweleza kwamba natafuta seva ya nyumbani ya kuhifadhia video, alicheka kwanza, akaniuliza kama nimeshapata na yaya wa kuibembeleza. Kesho yake akaja na gari la kuazima, na nyuma ya gari limelala dude.

Lilikuwa seva iliyotupwa na ofisi yao, ndefu kama jeneza la mtu mfupi. Tuliibeba wawili huku tunagombana nani amelegea. Alipoiwasha, feni zake zilipiga yowe hata mapazia yakahama. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi, akaangalia dari, akauliza ndege gani hiyo inapita chini hivyo. Shemeji alikuwa anapiga kelele kunieleza uwezo wa mtambo, mimi napiga kelele kumwambia simsikii, na mama, ambaye alikuwa na safari yake ya dukani, akapita katikati yetu akachomoa.

Kimya kilichofuata kilikuwa kitamu. Shida ilianza tulipochomeka tena. Dude halikuamka mpaka mtu abonyeze kitufe, likaamka likadai abonyeze kingine, kisha likatangaza kwamba kile kibetri cha kwenye kadi yake ya diski kilishakufa na halijui diski ipi iaminiwe. Hii inasema mimi ndiye mwenye habari za mwisho, ile nayo inasema ni mimi. Shemeji alikaa mbele yao kama hakimu wa kesi ya talaka, mpaka mama akarudi kutoka dukani na kumwonea huruma.

Shemeji hakukata tamaa. Akaazima ofisini boksi la betri, lile zito ambalo umeme ukikatika linashika kazi kwa muda huku likilia kukuarifu. Hapo akaona amemaliza. Mama akichomoa ukutani, betri inapokea. Na kweli, mama alichomoa ukutani, betri ikapokea, ikaanza kulia: pii, pii, pii.

Jamani. Opereta wa simu aliyekaa mbele ya swichibodi ujana wake wote anasikia kitu kinalia pii. Mlitaka afanye nini? Aliingia chumbani kwa mwendo wa kazini, akainama nyuma ya boksi, akavuta waya mmoja baada ya mwingine, akaukunja kila mmoja vizuri na kuulaza pembeni. Tulipofika mbio alikuwa anajipangusa mikono.

“Mteja wenu alishakata,” akatuambia. “Nimefunga laini.”

Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Boksi la betri likarudi kwa wenyewe, na dude nalo likarudi lilikotoka, maana mdogo wangu alikataa lisikae hata barazani kwake.

Nikajaribu kubandika karatasi juu ya soketi: USICHOMOE. Mama akaisoma, akausifia mwandiko wangu kwamba siku hizi umetulia, akachomoa. Shemeji akashauri chumba kifungwe kwa ufunguo. Hapo tukakorofishana kweli. Ile ni nyumba ya mama. Mimi nimeshawahi kusimama mbele ya kufuli mpya nikiwa na nguo za msiba, na nilijua siwezi kumfanyia mama vile katika nyumba aliyoijenga, hata kwa kazi tamu kiasi gani. Nikamwambia shemeji hivyo. Akakuna kidevu.

“Sasa unataka mashine gani?” akauliza. “Mashine yoyote ikichomolewa inaumia.”

“Basi tutafute isiyoumia.”

Nilisema kwa kumkomoa tu, lakini neno likakaa mezani kati yetu likakataa kuondoka. Tulikuwa tumeshinda wiki nzima tunatafuta namna ya kumzuia mama, utafikiri mama ndiye peke yake anayekata umeme mji huu. Kampuni ya umeme inachomoa kuliko yeye, na haikunji waya. Tulikuwa tumeanzia kwenye mtambo tukitafuta nyumba itakayoufaa, badala ya kuanzia kwenye nyumba.

Tukaanza upya, na safari hii mimi ndiye niliyeshika usukani.

Kwanza mashine. Tulikwenda kwa muuza kompyuta chakavu, mtu anayekaa katikati ya minara ya vibodi kama mfalme aliyesusiwa. Alitutolea moja yenye taa za rangi tumboni, akanihakikishia, “Dada, hii ina nguvu sana.” Nikamwambia siendi kulimia. Nilitaka kitu cha kukaa pembeni kimya, chenye nafasi ya diski mbili na feni moja ya polepole, kisichokula umeme, na chenye kumbukumbu ya aina inayojikagua, ambayo herufi ikipinda yenyewe inainyoosha. Alichimba na kuchimba, akaibuka na ka-mashine ka ofisini, kimo cha ndoo, kamejaa vumbi, kana stika ya idara ya mtu. Kakawashwa, kakanong'ona. Shemeji alikainamia akaweka sikio, akasema hakasikiki. Nikamwambia hiyo ndiyo sifa, nashangaa hajaizoea kwa watu.

Shemeji alikuwa na wazo jingine pembeni: lile sanduku jeusi la dukani, linalokuja tayari na kila kitu ndani, unachomeka unasahau. Ni zuri, sikatai. Lakini tulipomuuliza muuzaji, akakiri kwamba aina ile aliyokuwa nayo ikifa yenyewe, itabidi utafute ndugu yake wa tumbo moja ndipo diski zisomeke bila taabu. Mimi nilitaka diski ambazo nikizihamishia kwenye kompyuta yoyote ya mtaani zitanitambua.

Diski zenyewe zilitupotezea siku nzima. Kuna zile za bei ya kutupa, zinazopanga maandishi yake kama vigae vya paa, mstari mmoja umelalia mwenzake. Kuandika mara ya kwanza ni sawa. Ukitaka kubadilisha kigae kimoja katikati, unafumua paa. Kwa kazi ya kuandika na kurudia, diski ya hivyo inakuzeesha. Muuzaji tuliyemuuliza ipi ni ipi alisema diski ni diski. Tukamshukuru tukahama duka. Tulipozipata zile ambazo mistari yake inalala sambamba, nilinunua moja hapo na ya pili duka jingine kabisa. Shemeji aliniuliza kama naogopa zitapendana. Nikamweleza kwamba diski zilizozaliwa kiwanda kimoja siku moja huwa na tabia ya kuugua pamoja. Akatikisa kichwa. Alilijua hilo, alitaka tu kuona kama nami nalijua.

Ikabaki roho ya kuitia ndani ya mashine, yaani mfumo endeshi. Hapo tulikaa meza ya sebuleni alasiri moja, tukabishana mpaka chai ikapoa. Shemeji alitaka ule anaoutumia ofisini kila siku, kwa sababu kitu kikiharibika anajua pa kugonga. Mimi nilitaka mmoja wa bure, uliojengwa juu ya Linux, kwa sababu ya namna unavyopanga faili zake, ule mpango unaoitwa ZFS. Cha kuchekesha ni kwamba yeye ndiye aliyeujua vizuri kuliko mimi. Alikuwa ameusoma, akauogopa, akaufungia kabatini. Nikamwomba amweleze mama, tuone kama mtu wa kawaida anaweza kuishi nao.

Akavuta vikombe. Akasema, mpango wa kawaida ukitaka kubadilisha chai ya mgeni, unamwagia mpya ndani ya kikombe kilekile, na mtu akivuta kitambaa cha meza katikati ya kumimina, mgeni hana ya zamani wala mpya. Mpango huu unachukua kikombe kingine. Unamimina pembeni mpaka kijae, ndipo unamwambia mgeni, chako sasa ni hiki. Ukivuta kitambaa kabla ya hapo, mgeni bado ameshika cha zamani, na kizima. Zaidi ya hapo, kila kikombe kina muhuri wake, kwa hiyo chai ikichacha mfumo unajua, unakwenda kuchukua iliyo nzima kwenye diski ya pili.

“Ni kama kuhamisha laini,” mama akasema. “Huachii ya zamani mpaka mpya imeshika.”

Shemeji akasema ndiyo hivyohivyo. Mama akauliza kwa nini basi tulikuwa tunahangaika na yale mengine, akaenda zake kumwagilia maua. Tukaangaliana. Jioni ile mfumo wa bure ukaingia kwenye ka-mashine.

Kulikuwa na jambo la mwisho, na hilo ni la shemeji, simnyimi haki yake. Aliingia kwenye mipangilio ya ndani kabisa ya mashine akaiagiza kwamba umeme ukirudi iamke yenyewe, isimsubiri mtu. Tukamwita mama. Akachomoa. Tukachomeka. Mashine ikabaki imekufa kimya kama jiwe la msingi. Nikarudia. Hakuna kitu. Zilibaki siku chache tu Mwalimu aje, na mimi nikaanza kuyasikia maneno ya kumwomba radhi yakijipanga mdomoni.

Shemeji alifungua mfuniko, akaangalia, akaingiza kidole, akatoka na kibetri cha duara kama sarafu. Ndicho kinachoitunzia mashine mipangilio yake ikiwa haina umeme, na kilikuwa kimekufa. Kila ikichomolewa ilikuwa inasahau hata jina lake, sembuse agizo letu. Akatoka mbio mpaka kwa fundi wa saa pale kona akarudi na kipya. Mama akachomoa. Tukachomeka. Kimya kidogo, halafu ile feni ya polepole ikavuta pumzi, taa ndogo ya kijani ikakonyeza, na sisi watu wazima wawili tukakumbatiana kama timu iliyofunga dakika za majeruhi.

Baada ya hapo nikamwajiri mama. Nikamwambia achomoe atakavyo, hasa mimi nikiwa katikati ya kunakili. Mwanzoni alikosa raha. Mtu uliyezoea kumgombeza ukimruhusu ghafla, utamu wote unaisha. Alichomoa kwa shingo upande, kama mtoto aliyeambiwa ale sukari yote. Lakini siku ya pili kazi ikamwingia. Akawa anavizia. Anapita na beseni la nguo kama hanioni, mara kap, amechomoa. Kila alipochomeka tena, mashine iliamka yenyewe, na kila jioni tuliiamuru ipitie faili zote na kulinganisha mihuri. Kila jioni jibu lilikuwa moja: hakuna kosa. Shemeji naye akaona wivu, akachomoa diski moja nzima mashine ikiwa inafanya kazi. Ikalalamika kwenye skrini, ikaendelea kutoa video kwa diski iliyobaki, na aliyoitoa iliporudishwa ikafundishwa yale iliyoyakosa. Kisha tukaongeza nakala ya tatu ya kukaa nyumbani kwake, maana diski mbili zinazofanana hazikuokoi na mkono wako mwenyewe. Ukifuta kitu kwa bahati mbaya, zote mbili zinafuta kwa utiifu mkubwa.

Jumamosi ikafika, na Mwalimu akaja na taulo lake.

Alikuwa ametoka kwenye ile studio. Alitusimulia bila kutia chumvi: vioo, ubaridi, taa nyingi za kupepesa, kahawa nzuri. Akamuuliza meneja umeme ukikatika inakuwaje. Meneja akasema pale umeme haukatiki. Akaomba ajaribu kuzima aone. Meneja akacheka, akadhani ni mzaha.

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nikaimeza. Nikaanza kunakili harusi moja kubwa ili mashine iwe kazini kwelikweli, nikamwonyesha plagi, nikamwambia achomoe.

Hakuweza. Mtu aliyetunza kitu kwa hofu kwa muda wote ule, mkono wake haukubali. Aliisogelea plagi akarudi nyuma. Ndipo mama aliyekuwa amesimama mlangoni akaingia, akamshika kiganja.

“Shika plagi yenyewe, mwanangu, usivute waya. Sasa, kwa mkupuo.”

Akachomoa. Chumba kikawa kimya. Akachomeka. Hatukugusa kitu, nikahakikisha anaona mikono yetu. Feni ikavuta pumzi. Taa ikakonyeza. Harusi ikarudi kwenye skrini, faili zilizokwishaingia zote nzima, na ile iliyokatikia njiani ikaanza kuingia upya. Mwalimu aliangalia hayo yote, akainama akachomoa tena, mwenyewe, kwa mkupuo. Na tena. Mara ya mwisho nadhani ilikuwa kwa raha tu.

Ndipo akafungua taulo.

Hapo mambo yakageuka, na wote tulijua. Sanduku letu halikuogopa kuchomolewa, lakini diski yake iliogopa. Ilikuwa inakula umeme wa soketi ileile, na ikizimika katikati huenda isiamke tena. Tukaichomeka. Ikagonga, ko, ko, ikazunguka, ikashika. Faili zikaanza kupita moja moja, na shemeji akaziruka zile ngumu ili azirudie mwisho. Kwenye skrini nilifungua mojawapo ya zilizokwishaingia, nihakikishe ni nzima. Akatokea mzee mwembamba mwenye kofia, anaongea kwa mikono haraka haraka, anacheka peke yake. Mwalimu akasema kwa sauti ndogo kwamba huyo ni baba yake.

Na nje wingu likajikusanya.

Si wingu la kubahatisha. Dirisha zima liliingia giza, upepo ukagonga bati la jirani. Mama akaangalia dirisha. Akaangalia soketi. Niliviona vidole vyake vikikunjuka, na mimi sikuwa na haki ya kusema neno, maana wiki nzima nimemsifu kwa kazi hiyo. Akapiga hatua mbili, akafika, akainama. Mwalimu akasimama. Mama akawa ameshika plagi, macho yake yakiwa kwenye skrini, kwa yule mzee na mikono yake.

“Huyu bado anaongea,” akasema.

Akaiachia. Akavuta stuli, akaketi mgongo ukiwa umeegemea ukuta kando ya soketi, akanyoosha mkono kuizuia isiguswe na mtu, kama askari wa getini. Akatueleza bila kutuangalia kwamba katika miaka yake yote kazini hakuwahi kumkata mtu katikati ya mazungumzo, hata mabosi, hata wapenzi wanaogombana, na kwamba hataanza leo. Radi ikapiga. Alifumba macho. Hakuondoka. Shemeji alimsikia akinung'unika kwamba friji ya sebuleni leo itajua yenyewe.

Faili ya mwisho iliingia mvua ikiwa imeshachanganya. Shemeji akarudia zile ngumu, nazo zikaja, zikivutwa kama jino. Tukaanza ukaguzi wa mihuri, na ulipomalizika tukaliona jibu letu la kila jioni. Mwalimu alilisoma mara nyingi, akakaa chini polepole.

Kisha umeme ukakatika, mtaa mzima. Safari hii hakuna aliyechomoa. Uliporudi, ile diski ya zamani iligonga mara moja, ikakwama, ikanyamaza moja kwa moja. Tulijaribu tena na tena, ikawa imelala usingizi wake wa mwisho. Sanduku letu likavuta pumzi, likakonyeza, likamrudisha mzee na kofia yake pale alipoishia, mikono ikiendelea na kicheko chake.

Shemeji alilipigapiga mgongo kama ng'ombe mzuri. Mimi nilibaki nacheka kama mwehu. Mama akasimama kutoka kwenye stuli, akajinyoosha mgongo, akatangaza kwamba sasa anaomba radhi ila friji imemshinda, akatoka.

Mwalimu hakusema kwamba kazi ni yangu. Aliniuliza tutaanza na alama zipi. Kisha akatoa simu yake akampigia kwa video mzee mmojawapo wa wale waliorekodiwa, ambaye bado yu hai, bibi mwenye miwani mikubwa aliyeshika simu karibu mno, tukawa tunaona paji la uso tu. Wakaongea kwa mikono. Bibi alisogeza simu, akauliza kitu, Mwalimu akajibu kwa mkono mmoja huku mwingine akitugeuzia skrini tuonekane na sanduku letu. Bibi alituangalia sana. Halafu akafanya alama ndefu iliyoanzia kifuani ikaishia kwenye mabega yaliyopandishwa juu, na Mwalimu akaangua kicheko.

Tukamwuliza anasemaje.

“Anasema alikuwa anaogopa kufa kabla sijapata pa kumweka,” Mwalimu akasema, akijifuta macho. “Sasa anasema hana haraka.”